Kukarabati si Kusahihisha: Kisa cha Kifaru cha Mwalimu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Nilikuwa nimekwama na kifaru.

Si yule mnyama wa Mbuga ya Nairobi. Nazungumzia kifaru cha vita, tena cha plastiki, chenye urefu wa nusu mita hivi ukihesabu na mzinga wake, kinachoendeshwa kwa redio. Kwa hiyo leo hakuna habari za programu huria wala za lugha mpya ya kuandikia msimbo. Leo ni kifaru, namna kilivyovunjika, namna nilivyokikarabati, na kosa moja nililolifanya ambalo bado linaniuma.

Kama una haraka, maoni yangu ni haya: anayekarabati kitu hana ruhusa ya kusahihisha makosa ya aliyekitengeneza, ila kama ameombwa. Kama una muda, vuta kiti.

Mtaani kwetu aliishi mwalimu mstaafu wa fizikia. Hakuna aliyemwita kwa jina, alikuwa Mwalimu tu. Jumapili jioni alikuwa akikitoa kifaru chake uani na kukiendesha juu ya mchanga na matofali, nasi watoto tukijipanga ukutani kutazama. Kilimjia kikiwa vipande ndani ya sanduku, zawadi ya mpwa wake aliyesoma Uingereza. Alikiunganisha mwenyewe, akakipaka rangi mwenyewe. Mwalimu alifariki mwaka juzi.

Mwaka huu mjane wake alihama nyumba, na siku ya kuhama kifaru kilianguka kutoka juu ya kabati hadi kwenye sakafu ya saruji. Akaja kwangu amekibeba ndani ya beseni, vipande vidogo vidogo amevifunga kwenye leso.

"Mwanangu," akaniambia, "si wewe ndiye fundi wa kompyuta? Hebu nitazamie hiki. Nataka kiende tu kama kilivyokuwa kikienda."

"Mama, kompyuta na hiki ni vitu viwili tofauti," nikamjibu. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaingia ndani ya beseni, na mikono ilifuata.

Yakumbukeni maneno yale: kama kilivyokuwa kikienda. Mimi niliyasikia, ila sikuyasikiliza.

Sasa tukitazame kifaru chenyewe. Ni mfano wa Tiger I ya Wajerumani, kwa kipimo cha 1 kwa 16. Tiger halisi ilitengenezwa kuanzia 1942 hadi 1944, na zilitoka zaidi ya 1,300. Ilikuwa na uzito wa tani 57 hivi, mzinga wa milimita 88, na chuma cha mbele chenye unene wa milimita 100. Hapa kuna hesabu ambayo Mwalimu angeipenda: urefu unaugawanya kwa 16, lakini uzito unaugawanya kwa 16 mara 16 mara 16, yaani 4,096. Ukifanya hivyo tani 57 zinakuwa kilo 14 hivi. Hiki cha plastiki kina kilo 4 tu, na ndiyo maana gia zake za plastiki zilidumu miaka yote hiyo bila ya kulalamika.

Ubavuni mwa kichwa chake (ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga) Mwalimu aliandika namba 131, kwa rangi nyekundu yenye ukingo mweupe. Namba hiyo ina historia, na historia yenyewe ni ya hapa hapa Afrika. Tiger namba 131 ilitekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi wa Aprili 1943. Risasi za vifaru vyao vya aina ya Churchill ziliigonga, moja ikakwamisha kichwa kisizunguke, na askari waliokuwa ndani wakaiacha wakakimbia. Mwaka huo huo ilisafirishwa hadi Uingereza ikachunguzwa skrubu kwa skrubu. Tangu 1951 iko katika jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, na baada ya ukarabati ulioanza 1990 na kumalizika 2003, inatembea tena kwa injini.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza, "Ndugu, Mkenya mzima unahangaika na silaha ya Hitler ya nini?" Swali zuri. Jibu langu ni kwamba kifaru hicho ni kumbukumbu ya kushindwa kwake, si ya ushindi wake. Na vita vile si vya watu wengine tu. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia 1940 na 1941, wakaenda Madagaska 1942, na kisha Burma 1944. Hawakukutana na Tiger, lakini walikuwa upande ule ule ulioikamata. Mwalimu aliyajua hayo yote na alitufundisha tukiwa tumekaa ukutani. Alichagua namba 131 kwa makusudi.

Haya, turudi kwenye beseni. Uharibifu ulikuwa hivi:

1. Mzinga ulikatika karibu na ncha.
2. Pembe ya nyuma ya bodi ilipasuka, ufa wa sentimita 9.
3. Giaboksi ya upande wa kushoto ilipoteza meno ya gia mbili.
4. Ekseli tatu za magurudumu zilipinda.
5. Betri za rimoti, zilizosahaulika humo tangu Mwalimu alipougua, zilivuja na kula vishikizo vya shaba.
6. Bodi ya umeme iligawanyika vipande viwili.

Kabla ya kushika bisibisi nilipiga picha kwa simu, kila upande, kila waya. Skrubu niliziweka kwenye trei ya mayai, kila shimo na namba yake, na namba hizo nikaziandika daftarini. Trei ya mayai ni hifadhidata nzuri sana, jaribuni.

Mzinga ulikuwa kazi rahisi. Nilitoboa tundu la milimita 2 katikati ya kila kipande, nikakata spoku ya baiskeli (nayo ina milimita 2 kamili), nikaingiza nusu huku na nusu kule, kisha gundi. Supa glu peke yake isingefaa hapo. Inashika haraka, lakini ikikauka inakuwa kavu kama kioo, na pigo dogo tu linaiachanisha. Spoku ndiyo inayobeba mzigo, gundi inaishikilia tu.

Ufa wa bodi nao ulikuwa na dawa yake. Plastiki hii ni ya aina ya ABS, na ABS inayeyuka ndani ya asetoni, ile ile ya kuondolea rangi ya kucha inayouzwa katika maduka ya vipodozi (ila soma chupa, maana siku hizi nyingine hazina asetoni). Nilikata vipande vya plastiki ya aina hiyo hiyo, nikavitia kwenye kichupa cha kioo pamoja na asetoni kidogo, na kesho yake nikawa na uji mzito. Uji huo unaupaka ndani ya ufa, asetoni inapaa, na kinachobaki ni plastiki iliyoungana na plastiki. Fungua madirisha unapofanya hivyo, usiwe karibu na moto, na uiweke mbali na rangi kwa sababu asetoni inaila rangi bila ya huruma. Mimi niliupaka kwa ndani tu, nje nikaacha mstari mwembamba wa ufa uonekane.

Gia zilinitembeza. Kupata gia ya kubadilisha si kutafuta inayofanana kwa macho. Unahesabu meno, unaongeza 2, halafu unapima upana wa gia kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili, na kugawanya upana huo kwa ile hesabu. Gia yangu ilikuwa na meno 16 na upana wa milimita 9, basi 9 gawanya kwa 18 ni 0.5. Namba hiyo ndiyo inayoitwa modula, na gia zenye modula tofauti hazitashikana hata ukizisukuma kwa nyundo. Nilizipata mbili ndani ya printa kuukuu kwenye kibanda cha fundi mmoja karibu na Luthuli Avenue. Alitaka kuniuzia printa nzima. Tulielewana.

Ekseli zilinifundisha kwa nini madereva wa Tiger walilalamika. Magurudumu yake yamepandana kama magamba ya samaki, kila upande ekseli 8. Yanagawanya uzito vizuri ardhini, lakini ukitaka kulifikia la ndani sharti uvue kwanza yaliyo nje. Kwa askari aliye kwenye tope au barafu ilikuwa adhabu. Kwangu mimi ilikuwa jioni mbili, chai tatu na skrubu moja iliyopotea chini ya friji.

Vishikizo vya betri nilivisafisha kwa siki. Uchafu wa betri za kawaida za alkali ni besi, siki ni asidi, vinamalizana. Ukishamaliza futa kwa maji kidogo na ukaushe vizuri.

Mpaka hapo nilikuwa fundi mzuri. Sasa nitawaeleza nilipoharibu.

Bodi yote ya kifaru cha Mwalimu imepakwa kitu kama saruji chenye mistari mistari. Kwa wasiojua, kitu hicho kinaitwa Zimmerit. Wajerumani waliogopa mabomu ya sumaku yanayobandikwa ubavuni mwa kifaru, wakabuni lahamu isiyoshika sumaku, wakaipaka kwa matuta ili sumaku iwe mbali na chuma. Walianza kuipaka viwandani Agosti 1943, wakaacha Septemba 1944.

Mmeliona tatizo? Tiger 131 ilitekwa Aprili 1943. Zimmerit ilianza Agosti. Tiger 131 haikuwahi kuwa na Zimmerit! Mwalimu wetu, mtu wa hesabu na tarehe, alikuwa amekosea.

Tena kazi yenyewe ilionekana ya ovyo. Alitumia filla ya ukutani, na kila baada ya mistari kadhaa palikuwa na tuta moja nene kuliko mengine. Mimi nimezoea kusoma msimbo wa watu wengine, na nikiona kitu kinachojirudia vibaya mkono unaniwasha. Nikajiambia, madhali bodi iko wazi mezani, nimsaidie Mwalimu. Nitaitoa filla yote, nitalainisha kwa msasa, nitapaka rangi ya Tunisia, na mjane wake atapata Tiger 131 ya kweli kuliko ile aliyoniletea.

Nilikwangua kwa kisu eneo la ukubwa wa kiganja, ubavu wa kulia. Ilitoka vizuri. Nilijisikia fundi hasa.

Siku iliyofuata Mama akapita kuniletea maandazi. Akakiona kifaru, akanyamaza. Akapitisha kidole juu ya yale matuta, ubavu ambao sikuugusa.

"Hapa ni kitana changu," akasema.

"Kitana, Mama?"

"Alikichukua bila ya kuniuliza. Kilikuwa na jino moja limevunjika. Nikamwambia, Mwalimu, si ununue chako. Akasema ameshaanza, hawezi kubadilisha katikati." Akacheka. Kisha akafika upande wa kulia, kwenye kile kiganja nilichokwangua, na kicheko kikaisha. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hapa palivunjika pia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimwambia ukweli.

Lile tuta nene lililojirudia halikuwa uzembe. Lilikuwa jino la kitana ambalo halikuwepo. Kwa maneno mengine, lilikuwa ndiyo sehemu pekee ya kifaru kile ambayo haikutoka kiwandani wala kwenye sanduku la mpwa wake. Kilichobaki chote kingeweza kununuliwa tena. Nami nilikuwa nimeanza na hicho hicho.

Nikaacha kukwangua. Mama aliondoka, nami nikahamia kwenye umeme, mahali ninapojiona niko nyumbani.

Bodi ya zamani ilikuwa imekufa kabisa, na redio yake ilikuwa ya masafa ya megahezi 27. Niliweka ESP32 moja ndani ya kifaru na nyingine ndani ya rimoti ile ile ya zamani, maana vidude vyake vya kuongozea vimelika mahali vidole gumba vya Mwalimu vilipokaa. Zinazungumza kwa masafa ya gigahezi 2.4. Sikutoboa tundu jipya hata moja, nilitumia vishikizo vya skrubu vilivyokuwepo. Bodi ya zamani niliifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuirudisha ndani ya bodi ya kifaru, kwenye nafasi tupu chini ya kichwa.

Kisha nikaandika programu. Na hapa tena, jamani, sikuwa nimejifunza! Nilikumbuka kifaru cha Mwalimu kilikuwa kikianza kwa kuruka, kama matatu yenye dereva mgeni. Bodi ya zamani ilipeleka nguvu zote kwa mota kwa mkupuo. Hilo ni kosa la uhandisi, linakula gia. Basi nikaandika msimbo wa kupandisha nguvu taratibu, kutoka sifuri hadi juu kwa milisekunde 800. Kikawa kinaondoka kama gari la maiti la kifahari.

Mama akaja kukitazama. Akakaa uani kwenye kiti, nikamkabidhi rimoti. Kifaru kikaondoka polepole, kikageuka, kikarudi.

"Kizuri," akasema. Halafu baada ya muda, "Lakini si chenyewe. Chenyewe kilikuwa kinaruka kwanza. Nikiwa jikoni nasikia tak! kwenye saruji, najua Mwalimu ameanza, najua sasa sitamwona mpaka giza."

Nilifungua kompyuta papo hapo uani. Nikabadilisha mstari mmoja, nguvu zianze na asilimia 40 kwa mara moja, kisha zipande. Nikapakia upya. Nikamrudishia rimoti.

Tak!

Hakusema kitu. Aliendesha mpaka betri ikaisha.

Sasa tazameni tofauti ya makosa yangu mawili, kwani hapo ndipo yalipo maoni yangu ya leo. Makosa yote mawili ni ya aina moja: nilisahihisha jambo ambalo hakuna aliyenituma kulisahihisha. La msimbo nililirudisha kwa dakika moja. La kitana halitarudi. Kitana kilishatupwa zamani, na mkono uliokishika haupo.

Sisi watu wa programu tumedekezwa. Tangu Git ilipotoka 2005, na hata kabla yake kwa mifumo mingine, tumezoea kwamba hakuna kinachopotea. Ukiharibu unarudi nyuma. Miaka kadhaa iliyopita nilisafisha programu ya hesabu za duka moja. Humo nilikuta mstari unaoongeza saa sita kwa kila mauzo. Nikauona upuuzi, maana saa za Kenya zimepishana na saa za dunia kwa saa tatu, si sita. Nikaufuta. Kesho yake mauzo yote ya asubuhi yalisomeka kuwa yamefanyika saa nane za usiku. Mfanyakazi wa kaunta alikuwa akiandika saa kwa Kiswahili! Saa mbili yake ni saa mbili asubuhi, na aliyeandika programu ile alimheshimu mfanyakazi huyo kuliko nilivyomheshimu mimi. Nilirudisha ule mstari kabla ya chai ya saa nne, na hakuna aliyeumia.

Tabia hiyo ya kufuta kwanza na kuuliza baadaye ndiyo niliyoipeleka kwenye filla ya Mwalimu. Plastiki haina Git.

Kuna atakayesema, "Basi tusirekebishe chochote, tuache vitu vioze na makosa yake." Sisemi hivyo. Kurudi kwa Tiger 131 yenyewe kunaonyesha mpaka uko wapi. Injini yake ya asili, Maybach HL210, ilikuwa imekatwa ili watu waone ndani yake, haikuweza kufanya kazi. Wakarabati walitumia HL230 kutoka kwenye Tiger II ya makumbusho. Wakaweka na mtambo wa kisasa wa kuzima moto kwenye chumba cha injini. Lakini alama za risasi za Tunisia hawakuziziba. Zipo mpaka leo, na mtu akizitazama anaelewa kwa nini kifaru hicho kiko Bovington. Na mabadiliko hayo hayakufichwa, yanaelezwa wazi kwa anayetaka kujua.

Mimi nami niliweka fyuzi kwenye waya wa betri, ambayo Mwalimu hakuiweka. Betri ya sasa ya volti 7.2 ikipata shoti inaweza kuwasha moto, na sitamrudishia mama wa watu kitu kinachoweza kumchomea nyumba kwa ajili ya kuheshimu historia. Usalama ni ruhusa tosha. Kuvunjika ni ruhusa tosha. Lakini "mimi ningefanya vizuri zaidi" si ruhusa.

Nasema hivi kwa sababu naona mtindo umeenea. Mtu anachukua kitu cha babu yake, redio, cherehani, kifaru, anakikwangua mpaka chuma, anakipaka rangi inayong'aa, na watu wanapiga makofi kwa kuwa kinaonekana kimetoka dukani leo. Kama ulitaka kilichotoka dukani leo, nenda dukani. Mifano ya Tiger ya kipimo hiki inauzwa mpaka leo, mipya, sahihi kwa tarehe na kwa rangi. Kilichokuwa ndani ya beseni hakiuzwi popote.

Basi hizi ndizo kanuni zangu kuanzia sasa, zichukueni mkizipenda:

Kwanza, muulize mwenye kitu anataka nini, kisha muulize tena anapokuja kutazama. Mara ya kwanza atakuambia kwa ufupi. Mara ya pili, kitu kikiwa mbele yake, ndipo atakumbuka.

Pili, anza na yale yanayoweza kurudishwa. Skrubu kabla ya gundi, gundi kabla ya kisu. Kisu kiwe cha mwisho, na kilale usiku mmoja kabla hujakitumia.

Tatu, ukiona kosa linalojirudia kwa mpangilio, usilifute mpaka ujue linatoka wapi. Kosa lenye mpangilio lina sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni mtu.

Nne, sehemu za zamani usizitupe. Zifunge, ziweke ndani ya kitu chenyewe.

Tano, andika ulichofanya. Mimi niliandika karatasi moja, tarehe, vipande nilivyobadilisha, modula ya gia, msimbo wote umechapishwa kwa herufi ndogo, na mstari mmoja unaosema: "Ubavu wa kulia, eneo la kiganja, filla ya asili ilikwanguliwa na fundi kwa makosa yake." Iko ndani ya kifaru pamoja na bodi ya zamani. Atakayekifungua baada yangu asidhani ni Mwalimu.

Mtaniuliza nilifanya nini na kile kiganja. Nilifikiria kutafuta kitana, kuvunja jino moja na kuigiza. Nilijaribu hata kwenye kipande cha plastiki, na ilifanana kabisa. Nikamwonyesha Mama. Alikitazama kile kipande kwa muda, akanirudishia.

"Hicho ni chako," akasema. "Paache hapo."

Basi nilipaka rangi juu ya plastiki tupu ili unyevu na jua visiiharibu, nikaacha. Ubavu wa kulia wa kifaru cha Mwalimu una upara wa ukubwa wa kiganja. Tiger ya Bovington ina alama za Churchill, na hiki cha mtaani kwetu kina alama yangu.

Gia mbili za akiba nimempa Mama kwenye bahasha, kwa sababu ile tak itazimaliza zile nyingine siku moja, na hilo nilimweleza. Akaniambia siku hiyo ikifika ataniletea beseni.

Haya, kwa leo ni hayo. Wiki ijayo tutarudi kwenye mambo ya programu, Mungu akipenda. Na kama kuna kitu cha mzee wako juu ya kabati, kishushe leo. Toa betri zilizomo ndani. Basi, hayo tu, usifanye kingine kwanza.